Usimuuzie kiendelezi chako mtu usiyemjua

Ndugu, umesema umechoka kutunza kiendelezi chako cha Chrome (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) peke yako, na sasa kuna mtu asiyejulikana amekuandikia barua pepe akitaka kukinunua. Pole kwa uchovu. Lakini usiuze, nakuomba.

Msimbo angeweza kuuandika mwenyewe. Anachotafuta ni watumiaji wako. Viendelezi hujisasisha kimyakimya, kwa hiyo siku akichukua akaunti yako kwenye duka la viendelezi la Chrome, chochote atakachopachika kitawafikia. Chrome husimamisha kiendelezi na kumuuliza mtumiaji pale tu kinapoomba ruhusa kubwa zaidi. Kama chako tayari kinasoma tovuti zote, mnunuzi hana haja ya kuomba lolote. Mfano ni The Great Suspender, kiendelezi kilicholaza vichupo visivyotumika: kiliuzwa 2020. Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwa kuwa na programu hasidi, na watu wengi wakapoteza vichupo vyao.

Leo hii punguza ruhusa, zibaki tovuti unazozihitaji kweli. Kisha weka msimbo wazi ili yeyote auone, utafute mwenzako wa kusaidiana naye, umjaribu kwa marekebisho madogo miezi kadhaa kabla ya kumpa akaunti. Asipopatikana, watangazie watumiaji, ukiondoe dukani. Waliokwisha kukisakinisha wataendelea nacho.