Usiusome ujasiri peke yako

Vijana wakiniuliza waanze na kitabu gani, kile kitakachowatia moyo wa kubadilisha maisha yao au mtaa wao, siku hizi nawajibu: anza na watu wa kusoma nao, kitabu kitapatikana. Jibu hili huwaudhi kidogo. Walitaka jina la kitabu, wakisome usiku kwenye simu, asubuhi waamke majasiri.

Baraza letu liko Langoni, hapa Lamu. Baada ya isha husomwa kwa sauti, kurasa chache tu, kahawa ikizunguka. Wapo walimu, mabaharia, fundi wa kuchonga milango, na wazee ambao hawasomi herufi za Kirumi lakini sikio lao halipitwi na kitu. Wanawake wana kikao chao cha alasiri, uani kwa mmoja wao, na kitabu kikiwa kilekile, hoja zinazotoka huko huwa kali kuliko zetu.

Ushauri wangu ni kwamba msianze na mashujaa. Anzeni na kitabu chenye ubishi. Sisi tulisoma Laches, mazungumzo mafupi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwalimu mmoja akitufasiria papo hapo. Wazee wawili wa Athens wanataka kujua kama watoto wao wafundishwe kupigana kwa silaha nzito, kumbe swali linageuka: ujasiri wenyewe ni nini? Jenerali Laches haoni ugumu. Jasiri, asema, ni yule anayebaki kwenye safu yake akamkabili adui, asikimbie. Hapo nahodha mmoja mzee akaweka kikombe chini. "Huyu bwana hajapigwa na kusi," akasema. Mwezi wa sita, chombo kimejaa abiria na bahari imechafuka, nahodha anayegeuza akarudi ndiye mwenye moyo, maana anajua atakavyochekwa gatini. Tulipofungua ukurasa uliofuata tukamkuta Socrates akimbana Laches palepale: na wale wanaorudi nyuma ili wapate kupigana vizuri zaidi, je, hao ni waoga?

Nicias, jenerali wa pili, anasema ujasiri ni elimu ya kujua lipi la kuogopwa na lipi si la kuogopwa. Nalo likapekuliwa, likaonekana lina kasoro. Kitabu kinaisha bila jibu, wakaagana wakutane kesho yake. Baadhi ya vijana wetu waliona wamepunjwa. Mimi nakipenda kwa sababu hiyohiyo, kwani hakuna aliyerudi nyumbani na msemo wa kubandika WhatsApp.

Mashujaa waje baadaye, na kila mmoja aulizwe: nani alikuwa pamoja naye? Mchukueni Mekatilili wa Menza. Nani Pwani hii hajasimuliwa kisa cha kuku na vifaranga, alivyomtaka ofisa Mwingereza achukue kifaranga kimoja aone mama yake atakavyomdonoa? Ukienda Malindi utaikuta sanamu yake. Lakini kisa cha kuku ni cha dakika moja. Kilichowanyima Waingereza usingizi mwaka 1913 ni kazi ya miezi: mwanamke mjane akizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma yao ya matanga, watu wakikusanyika, akiwaeleza habari ya kodi na ya vijana wanaotakiwa wakawe vibarua kwenye mashamba ya wazungu. Kisha viapo, wanawake chao na wanaume chao. Kiapo kiliwafunga watu wao kwa wao, kwa hiyo hata alipokamatwa akapelekwa Kisii pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, jambo halikufa. Walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti. Nadhani waliotoa amri ile walielewa vizuri kuliko vitabu vyetu vya shule nguvu ya yule mama ilikaa wapi.

Kijana mmoja alinibana hapo. "Na Abdilatif Abdalla je, ami? Yeye alikuwa peke yake." Hoja nzuri. Mshairi huyu, kwa ajili ya karatasi yake ya kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, alikaa gerezani tangu 1969 hadi 1972, akatengwa na wafungwa wenzake, na mashairi ya Sauti ya Dhiki akayaandika kwenye karatasi za chooni. (Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Tulicheka mpaka mpita njia akasimama kutuuliza kuna nini.) Jibu langu lilikuwa kwamba ukisoma Siwati, shairi la kitabu hicho, msimamo ni wake, lakini vina na mizani ni vya Mvita nzima, yaani Mombasa. Amelelewa na washairi, na mshairi Ahmad Nassir ni nduguye. Aliponyimwa mtu wa kuzungumza naye, alikuwa tayari ana wenziwe ndani ya shairi. Kijana hakuridhika sana, na sikumlazimisha.

Kuhusu mabadiliko, kwetu hakuna haja ya kwenda mbali, maana msikiti wa Riyadha uko papa hapa. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija, aliwasomesha watu ambao waungwana wa mji hawakuwahesabu kuwa wanafunzi: watumwa na wazao wao, na wageni wanyonge. Alikaa nao, maulidi yakasomwa kwa matwari, akalaumiwa. Leo kila Mfungo Sita mji unafurika wageni wa Maulidi, na anayesimulia kwamba jambo hili liliwahi kupingwa huonekana kama anazusha. Msomaji wa wasifu kama huu aangalie mambo madogo: alikaa wapi, alikaa na nani, nani aliruhusiwa kuingia darasani.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, tulimsoma sambamba na utenzi wa Al-Inkishafi, na nawashauri mfanye hivyo. Katika Muqaddima, aliyoiandika 1377, anasema dola husimama kwa mshikamano wa watu wake, na starehe zikiulegeza, huanguka, kwa kawaida ndani ya vizazi vitatu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, naye anatuonyesha majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, madaka yaliyopangwa vyombo sasa yanalala makinda ya ndege. Wote wawili ni mabingwa wa kueleza mtu anavyoporomoka. Namna ya kuinuka hawasemi sana, na katika kikao cha wanawake ndilo lililowakera.

Kwa hiyo someni pia karatasi zisizo na utamu. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipangwa kujengwa Kwasasi, huku kwetu Lamu. Watu wa Lamu, muungano wa Save Lamu ukiwa mbele, walishtaki, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni. Mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi kama ile haiendi kwa kelele. Sharti watu waifungue ripoti nene ya kitaalamu, tena ya Kiingereza, wajue kilichomo na kilichoachwa. Huo nao ni ujasiri, ingawa sijaona wa kuuchongea sanamu.

Mkitaka kuanzisha kikao chenu, msomaji abadilike kila mara, na mwenye elimu kubwa aseme mwisho. Akianza yeye, wengine watabaki kutikisa vichwa. Mtu akikosa vikao, aulizwe hali kabla ya kuulizwa kurasa. Na msiogope kitabu kuchukua miezi. Muqaddima hatujaimaliza na sioni dalili.

Sasa tunaingia Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu kwa kifungu. Mtakaokuja njooni na miwani, maandishi yake ni madogo.