Ujumbe wa "paroko" anayetaka kadi za zawadi kwa ajili ya waseminari

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Umeuliza kama kweli ni paroko aliyekuandikia kwa barua pepe kwamba yuko mkutanoni, hapokei simu, na anataka ununue kadi za zawadi (kadi zenye thamani ya pesa za kununulia vitu) za kuwasaidia waseminari, yaani vijana wanaosomea upadre. Huo ni utapeli. Usijibu hata neno. Ukijibu, wanajua wamempata mtu.

Tazama anwani ya barua pepe, si jina. Jina la paroko, mtu yeyote anaweza kuliokota kwenye matangazo ya parokia na kujibandika. Liguse, anwani yenyewe itajitokeza. Kisha pigia ofisi ya parokia kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile ya kwenye ujumbe. Matapeli wanapenda kadi kwa sababu wakishapata tarakimu zilizo nyuma ya kadi, pesa huyeyuka ndani ya dakika chache na kuzifuatilia ni kazi. Kama umeshazituma, ipigie kampuni ya kadi sasa hivi ukiwa na risiti na kadi mkononi, halafu nenda polisi. Usifute ujumbe, ni ushahidi.

Mchango halali wa miito (wito wa upadre na utawa) hutangazwa kanisani, na akaunti huwa ya parokia au jimbo, si ya mtu binafsi.

Umeuliza pia kuhusu sala ya kuombea miito: Siku ya Kuombea Miito ipo tangu 1964, Dominika ya 4 ya Pasaka. Ombi moja fupi katika sala za waamini, kutoka Mathayo 9:37-38, linatosha. Ila msibandike hadharani majina kamili na namba za vijana wanaoombewa. Jina la ubatizo tu.