Mwajiri hajachangia WCF: je, fidia yangu imepotea?

SWALI: Nafanya kazi karakana ya mbao hapa Moshi. Mashine ya randa imenikata vidole viwili. Bosi anasema sina changu, maana hajachangia tangu mwaka jana na michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, bado haijatosha. Kuna jamaa yuko tayari kunifuatilia nikimpa asilimia 30. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kauli hiyo ya bosi naisikia Arusha na Moshi kote, kuanzia mashamba ya maua hadi kampuni za utalii, na inanichosha.

NSSF mnachangia wote wawili, na pensheni yake ya ulemavu ina masharti ya idadi ya michango. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni kitu kingine kabisa. Huko mfanyakazi hachangii hata senti. Analipa mwajiri, na kwa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa anayepokea 400,000, hiyo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na haruhusiwi kukukata wewe. Asipolipa, deni ni lake na adhabu ni yake. Haki yako imetokana na kuumia kazini, haikutokana na risiti zake.

Mpe taarifa ya ajali kwa maandishi leo, ubaki na nakala. Yeye ana siku 7 za kuufahamisha Mfuko. Akikaa kimya, nenda WCF mwenyewe na vyeti vya hospitali. Dai lina ukomo wa miezi 12. Kidonda kikipona, daktari atapima kiwango cha ulemavu: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, zaidi ya hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Huyo jamaa ni kishoka, mwache. Kufungua dai hakuhitaji dalali, na hiyo asilimia 30 anaitoa kwenye vidole vyako.

Nanyi mlio wazima, acheni kusaini karatasi ya mshahara ya 200,000 huku mkononi mnapokea 400,000. Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara. Siku ukiumia, hiyo ni tofauti ya 140,000 na 280,000 kila mwezi, na sahihi iliyopo pale ni yako. Mwajiri akikataa kuandika kiasi halisi, omba akulipe kupitia benki au simu, na usifute meseji hizo.