Tromsø–Longyearbyen: kilomita baadaye, fungua pasi yako kwanza

Usilipe hiyo tiketi! Umeuliza Tromsø, kule kaskazini mwa Norwei, hadi Longyearbyen ni kilomita ngapi, ndege inachukua muda gani, ubebe koti gani na ulale wapi kwa bei ya kibinadamu. Halafu katikati ukachomekea, kama jambo dogo tu, kwamba viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia mara moja umeshapata. Mkuu, hapo ndipo nilipozikwa mimi.

Kilomita ni kama 960, saa moja na dakika 40 hivi angani. Dar–Mwanza na kuzidi kidogo, ila chini ni bahari tupu. Haya, kilomita zimeisha.

Longyearbyen ni mji ulioko Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa. Svalbard ni ya Norwei, lakini haimo Schengen. Kule kwenyewe hudaiwi viza. Kasheshe ni kwamba ukiondoka Tromsø umeshatoka Schengen, na kurudi kunahesabiwa kuingia mara ya pili. Wewe una mara moja tu. Sasa utarudi vipi, kwa mgongo wa dubu?

Mimi nilikuwa nimemtembelea dada Oslo, nikataka kwenda Longyearbyen kwa ndege inayopitia Tromsø. Wakala wangu wa tiketi wa Dar nilimpigia simu kabisa, akanijibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwenye barafu: "Bosi, hiyo ndege ya ndani, kama unaenda Zanzibar tu." Ndege ya ndani! Tulipotua Tromsø tukashushwa wote na mabegi ya mkononi, tupite ukaguzi wa pasi ndipo turudi kwenye ndege ileile. Dada wa polisi akafungua pasi yangu, akaweka ukucha kwenye stika ya viza, palipoandikwa 01, yaani kuingia mara moja. Akauliza taratibu, "Utarudije?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Muhuri wa kutoka angeweza kunigongea, akasema, ila nikishatoka hiyo viza imekufa.

Nikageuza. Tiketi ya kwenda na kurudi, siku nne za hoteli isiyorudisha hela, vyote vikaruka na ile ndege. Kurudi Oslo nikakata tiketi nyingine, bei ya papo kwa papo. Nimekaa pale uwanjani nimevaa suruali tatu na soksi za sufu, jasho linanitiririka kama niko Kariakoo saa nane mchana. Kumpigia wakala: "Pole bosi, mfumo haukuonyesha." Mbona kamisheni yake mfumo uliionyesha!

Usijipe moyo na ndege ya moja kwa moja kutoka Oslo, maana pasi inakaguliwa hapohapo Oslo. Kama stika yako ina 01, rudi ubalozini ukaombe ya 02 (mara mbili) au MULT (mara nyingi) kabla hujalipa hata senti. Usimuulize wakala. Usimuulize binamu aliyewahi kufika Stockholm. Isome mwenyewe, sasa hivi, halafu uje hapa utuambie imeandikwa ngapi.