Saini ya mumeo na kadi yako

Mwanangu,

Jumamosi uliniuliza, "Mama, mume wangu anasema asiposaini karatasi za kadi yangu ya ukaazi wa Marekani, ile green card, nitarudishwa nyumbani. Ni kweli?" Nilikukatiza kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika, na mambo haya si ya kusikiwa na kila aliyeko sebuleni. Leo nakujibu kwa nafasi. Si kweli. Ila jibu hilo lina masharti yake, na ukiyapuuza atakachokwambia mumeo kinaweza kuwa kweli kwa uzembe tu. Kazi yangu ya ukalimani kwa mawakili wa uhamiaji imenionyesha watu wenye haki zao kamili wakiangushwa na tarehe.

Itoe kadi yako uitazame. Ina herufi CR na muda wake ni miaka 2. Maana yake wewe ni mkaazi wa kudumu, lakini kwa masharti, kwa kuwa siku ulipopewa ukaazi ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka 2. Sheria hiyo Marekani waliitunga mwaka 1986 kwa kushuku ndoa za kununua. Ili masharti yaondolewe upate kadi ya miaka 10, mke na mume hujaza pamoja fomu I-751 na kuipeleka ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Hapo ndipo mumeo alipopatia ubabe.

Asichokwambia, na huenda hata yeye hakijui, ni kwamba fomu hiyohiyo ina sehemu ya mtu anayeomba peke yake. Unaruhusiwa kuomba bila saini yake ukionyesha mambo mawili: kwamba mlioana kwa nia njema, na kwamba ndoa imevunjwa kisheria. Anayeomba hivyo hangoji hata zile siku 90. Anaweza kupeleka mapema, mradi hukumu ya talaka anayo mkononi. Ndoa kufa si kosa. Maofisa hawakuulizi kwa nini mmeshindwana ili wakuadhibu. Wanachotaka kujua ni kama siku mlipooana mlikusudia kuishi kama mke na mume.

Kwa hiyo anza kukusanya ushahidi sasa, kabla hamjafika pabaya na makabati hayajafungwa: mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili, marejesho ya kodi mliyojaza pamoja, taarifa za benki, bima, barua za posta zilizokuja kwa jina la kila mmoja kwenye anwani moja. Picha ziwe za miaka mbalimbali, si za harusi peke yake. Harusi kila mtu anaweza kuifanya. Kama mliwahi kwenda kwa mshauri wa ndoa au kwa imamu kusuluhishwa, hiyo nayo ni ushahidi mzuri, kwa sababu watu waliooana kwa uongo hawahangaiki kupatana. Piga nakala za kila kitu, uzitunze nje ya nyumba hiyo.

Sasa suala la talaka yenyewe, ambalo naona hulielewi vizuri. Umeniambia ameshakuandikia talaka kwa WhatsApp na unahesabu eda. Kwa dini yetu sawa, hilo ni lako na Mola wako. Lakini mliandikishana ndoa kwenye ofisi ya kaunti hapo Marekani, na talaka ya maneno au ya ujumbe haiivunji ndoa hiyo mbele ya serikali. Uhamiaji watakuona mke wake mpaka jaji wa jimbo atoe hukumu. Ukija kuolewa tena kwa karatasi ya sheikh peke yake, hiyo ndoa ya pili kwao itakuwa haipo, na mume mpya akikuombea chochote itaonekana una waume wawili. Nimeshuhudia kesi ya namna hiyo. Ilikuwa aibu na gharama, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Na mahakama za majimbo hazifanani. California hakuna talaka inayokamilika kabla ya miezi 6 tangu mwenzako akabidhiwe hati za madai. North Carolina wanataka mtengane mwaka mzima kwanza. Ndiyo maana siwezi kukwambia "ngoja kwanza tuone." Kutengana si talaka. Kadi ikikaribia kuisha nawe umetengana tu, bila hukumu na bila saini ya mume, umekwama katikati: Uhamiaji watakuandikia barua wakitaka hukumu, na muda wanaotoa ni mfupi. Kwa hiyo, kama moyo wako umeshaamua, kesi ya talaka ifunguliwe mapema, na wakili wa talaka azungumze na wa uhamiaji. Mara nyingi hawazungumzi, kila mmoja ana kazi yake. Wewe ndiye wa kuwaunganisha.

Usiiache tarehe ipite kimya. Asiyepeleka chochote ukaazi wake hukoma wenyewe, na kinachofuata ni wito wa kwenda kwa jaji wa uhamiaji. Hata hapo kesi haijafa, maana aliyetalikiwa anaweza kuomba kwa kuchelewa, na jaji ana uwezo wa kuipitia upya I-751 iliyokataliwa. Lakini kwa nini ufike huko?

Kuna neno nililitaka nikuulize na simu haikuruhusu. Je, anakupiga? Au anakunyang'anya pasipoti, anakufungia, anakutisha kila siku kwamba atakupigia Uhamiaji? Usinifiche. Kama ni hivyo, ipo njia nyingine ya kuomba peke yako, ya mtu aliyepigwa au kufanyiwa ukatili na mwenzake, na hiyo haingoji talaka ikamilike. Vitisho vya kukurudisha kwenu navyo huweza kuhesabiwa katika huo ukatili. Tena sheria inawazuia maofisa wasimpe mumeo habari za maombi ya namna hiyo. Na kama anadhani barua moja kwa Uhamiaji itakufuta, hana uwezo huo. Ombi lake la awali lilishapitishwa. Ukaazi sasa ni wako, na ni serikali tu inayoweza kuuondoa, kwa utaratibu wake.

Umemtaja pia rafiki yako aliyeachwa na "hakuulizwa kitu." Usijilinganishe naye. Yeye aliingia na mumewe kwa bahati nasibu ya viza, na hao hupewa kadi ya miaka 10 tangu mwanzo. Angeachwa kabla ya kuingia, asingepata chochote. Na yule dada wa pili, mke wa mwanafunzi, yeye hana hata hicho cha kushikilia: viza yake inaning'inia kwenye ya mumewe, na siku ya hukumu ya talaka hadhi yake inakatika pamoja na ndoa. Mwambie atafute wakili kabla ya hukumu.

Uraia utachelewa, nisikudanganye. Ile njia ya miaka 3 ni ya anayeishi kwenye ndoa na raia. Ukiachika, unarudi kwenye miaka 5 kama mkaazi mwingine yeyote, ikihesabiwa tangu ulipopata ukaazi huu wa masharti, maana miaka hii 2 haipotei. Mimi naona hiyo miaka ya ziada ni bei ndogo, na sitaki kusikia kwamba umebaki kwenye nyumba hiyo kwa ajili ya pasipoti.

Upande wa pesa, mumeo alisaini fomu I-864, ahadi kwa serikali kwamba hutashuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Talaka haiifuti. Humfunga mpaka uwe raia, au utimize robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au uondoke nchini moja kwa moja ukiachia ukaazi, au mmoja wenu afe. Wakili wa talaka asipoitaja, itaje wewe. Wakili huyo akikwambia kwamba mumeo ameahidi kusaini I-751 iwapo utaacha kudai chochote, kataa kwanza, kisha uniambie. Saini yenyewe huihitaji kiasi hicho, na fomu ya pamoja inayojazwa na watu walioachana huku ikisema wanaishi pamoja ni uongo kwa serikali. Uongo wa ndoa una kifungo cha hadi miaka 5, na anayepatikana na ndoa ya kughushi hatakubaliwa ombi lolote la jamaa au mwajiri milele.

Ukipata miadi na wakili, nenda na kadi, cheti cha ndoa, nakala ya I-864 na orodha ya anwani zote mlizoishi. Barua za Uhamiaji huenda kwenye anwani waliyonayo, kwa hiyo ukihama wajulishe ndani ya siku 10, ndiyo sheria. Pesa ya wakili tutasaidiana, baba yako ameshakubali.

Mama yako