Kocha wa mtandaoni au kubaki na kundi? Jibu kwa mdau anayejiandaa kwenda Rubavu

Mkuu, kwa faida ya watakaosoma baadaye, nirudie ulichouliza. Umefanya mazoezi ya triathloni na kundi kwa miaka, mbio fupi umeshazimaliza, sasa unataka nusu Ironman ya Rubavu, Rwanda: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Kazini wamekubadilishia zamu, vipindi vya jioni vinakupita, na kuna kocha wa nje aliye tayari kukufundisha kwa simu kwa malipo ya kila mwezi. Unaogopa kwamba ukiwa peke yako utalegea. Mimi niko Dar na nimepita huko. Nilianzia kwenye kundi, nikachukua kocha aliyeko Ulaya, na siku hizi nipo mguu huku mguu kule.

Kwanza ujue unanunua nini. Kama shida yako ni ratiba tu, usilipe mtu kila mwezi. Ratiba nzuri za nusu Ironman zinauzwa kwa malipo ya mara moja, na za bure zimejaa. Hela ya mwezi ni ya mtu anayekaa kusoma ulichofanya jana ili abadilishe cha kesho. Sasa yule mtu hakuoni. Anaona namba za saa yako na maneno matatu uliyoandika chini yake. Kwenye kundi ukifika macho mekundu, umetoka zamu ya usiku, mwalimu anakuambia leo kaa nyuma, usishindane na mtu. Wa mtandaoni utamwambia mwenyewe, kwa maandishi, siku hiyohiyo. Kama wewe ni wa kuandika "poa" kila siku hata goti likiwa linauma, hela yako itapotea bure, na kosa halitakuwa la kocha.

Nikupe mfano. Mwezi wa pili, unajua joto la Dar lilivyo, nilipewa kukimbia kwa kasi fulani kwa kilomita. Nikakimbia, nikapandisha data, nikaenda kuoga. Kabla sijamaliza chai ujumbe ukaingia: mapigo yako ya moyo yako juu sana kwa kasi hii, unaumwa? Nikamjibu siumwi, ni Februari. Nikampigia picha simu inavyoonyesha joto na unyevu wa saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia wiki ile alifuta dakika kwa kilomita kwenye ratiba yangu, akaanza kunipangia kwa mapigo ya moyo na kwa jinsi mwili unavyojisikia, moja hadi kumi. Hapo ndipo nilipomwamini. Kocha anayeng'ang'ania dakika zake wakati wewe unayeyuka, achana naye mapema.

Bahari nayo ilikuwa somo. Ratiba inasema Jumapili asubuhi, kuogelea baharini dakika 50. Mtu wa Ulaya anayezoea ziwa anadhani maji yapo tu. Nikafika Oysterbay bamvua limekupwa, bahari imekwenda zake, ni mawe na mchanga mpaka mbali. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu yanakupwa kupita kiasi. Tangu hapo ninamtumia jedwali la maji mwanzoni mwa mwezi, naye anapanga kulifuata. Kwenye kundi hilo halina mjadala: mmoja anaandika WhatsApp "maji saa tatu", watu wanajua. Na Ramadhani vilevile. Kundi zima linahamia baada ya futari bila kikao. Kocha wa mbali unamwandikia wiki kadhaa kabla, la sivyo utakuta amekuwekea baiskeli ya muda wa saa tatu, mchana wa jua kali, na hujanywa hata maji.

Usidhani nalitetea kundi, maana lina ugonjwa wake. Kundi halijui kwenda taratibu. Jumamosi mnaagana Masaki kwamba leo ni mwendo mwepesi, mkifika Tegeta kuna mtu ameshaanza kukanyaga, na hakuna anayekubali kuachwa. Matokeo yake siku nyepesi zinakuwa nzito, na siku nzito inafika miguu imeshakufa. Halafu kuna kujificha nyuma ya mwenzio. Ukienda Bagamoyo wakati wa kusi, kwenda upepo unakusukuma, kurudi unakupiga usoni, na aliye mgongoni mwa mwenzake anaweza kupunguza nguvu anayotumia kwa robo au zaidi. Raha sana, ila kwenye mbio unazoziendea ni marufuku: lazima uache mita 12 kati yako na wa mbele, la sivyo waamuzi wanakuadhibu. Mtu anaweza kukaa kundini miaka mitano na asijue hata siku moja kilomita 90 za peke yake zikoje. Nawajua wa aina hiyo, na wana baiskeli za bei mbaya.

Hapa ndipo kocha alinisaidia kuliko popote. Alinipima dakika 20 za kukanyaga kwa nguvu zote, akapata kiwango changu cha wati, yaani nguvu ninayoweza kukanyaga nayo, na saa tatu za baiskeli zikawa na maana, hakuna tena kumfukuza fulani. Kwa Rubavu utamhitaji zaidi. Ziwa Kivu, ambalo Rubavu iko ukingoni mwake, liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na wewe mapafu yako ni ya pwani. Mtu aliyewahi kupeleka wanariadha sehemu za miinuko atakupunguzia nguvu ya kuanza nayo, kwa sababu ukianza kwa wati za Dar utazilipa kwenye kukimbia.

Kuna wanaosema hapa kwamba Kipchoge mwenyewe, yule bingwa wa marathoni, anafanya na kundi, kwa hiyo kundi ndilo jibu. Ni kweli, kambini kwao Kaptagat, Kenya, wanakimbia wengi pamoja. Lakini Patrick Sang, kocha wake, yupo palepale, anawaona wakipita, na yeye mwenyewe alichukua fedha ya Olimpiki Barcelona 1992 kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kundi lenye jicho la namna hiyo ni habari nyingine kabisa. Letu la Jumamosi ni watu wa benki, madaktari na wenye maduka, na anayeongoza ni yule aliyelala mapema.

Kuogelea, hapo sikushauri kabisa umtegemee wa mtandaoni. Nilijaribu kwa video. Rafiki anashika simu pembeni ya bwawa, nusu ya picha ni maji, nusu ni kidole chake. Kocha akasema mkono wa kulia unavuka katikati ya kichwa unapoingia majini. Sawa, nikaelewa, ila kuelewa na kufanya ni vitu viwili. Aliyeninyoosha ni mama mmoja wa kundini, mwalimu wa kuogelea, aliyetembea pembeni ya bwawa sambamba nami na kila nikikosea anagonga ubao kwenye ukingo. Kwa hiyo hata ukichukua kocha wa nje, kipindi kimoja cha bwawani na mtu anayekuona usikiache.

Na barabara. Ratiba inaweza kusema saa nne za peke yako. Kocha haijui Bagamoyo Road saa kumi na moja alfajiri, malori na daladala zikigombania abiria. Mimi safari ndefu ninakwenda na kundi lenye gari nyuma, ila nakaa mbali na wenzangu, mita zangu 12, nafuata wati zangu. Mwanzoni wananitania, baadaye wanazoea. Vipindi vya kati ya wiki nafanyia nyumbani kwenye trena, kile kifaa cha kushikilia baiskeli ukanyage bila kwenda popote, feni mbili usoni. Umeme ukikatika naandika "umeme umekatika", anahamisha, maisha yanaendelea.

Kuhusu hofu ya kulegea, kuna kipimo cha bure. Angalia miezi mitatu iliyopita: siku ambazo kundi halikukutana, ulifanya nini? Kama ulitoka mwenyewe hata dakika 40, kocha wa mbali atakufaa. Kama ulitoka siku za kundi tu, hakuna ujumbe wa simu utakaokutoa kitandani, na heri utafute mwenzako mmoja mwenye zamu kama yako.

Bei: wengi niliowauliza walitaja kati ya dola 100 na 300 kwa mwezi. Usilipe mwaka mzima hata ukipewa punguzo. Lipa mwezi mmoja, kisha mharibie ratiba makusudi: mwambie wiki hii zamu imegeuka, nina usingizi wa saa nne tu. Akikupangia upya kesho yake, endelea. Akikuambia "jitahidi", chukua ratiba ya bure.

Uliuliza pia kama umwambie kiongozi wa kundi. Mwambie, tena kabla hujalipa. Na kocha umwandikie siku za kundi lako toka siku ya kwanza, azihesabu kwenye mzigo wako wa wiki. Wa kwangu alipojua, aliifanya Jumamosi kuwa siku yetu nzito rasmi, Ijumaa nikapumzika.