Wanachuo wangu wanasinzia kwenye somo la mazingira

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili nafundisha chuo kimoja hapa Mbeya. Muhula huu nimekabidhiwa mada ya mazingira: maji, taka na matumizi endelevu. Nimeandaa notisi nzuri, nimewaonyesha picha za barafu inayoyeyuka na za kobe wa baharini aliyenaswa na nailoni. Wananakili, kisha wanasinzia. Juzi nimefundisha kupunguza taka saa mbili nzima. Walipotoka nikaokota chupa 11 za maji chini ya viti. Nifanyeje?
Mkufunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo chupa uliziokota ukazitupa? Ungeziweka. Kesho yake ungezipanga mezani ukawauliza zikitoka humu zinakwenda wapi. Watakujibu "dampo", na hakuna atakayekuwa na uhakika kama ni dampo kweli au ni lile shimo la kuchomea nyuma ya jiko. Wapeleke wakaone. Kobe mwache apumzike; wengi wao bahari wameionea kwenye simu.

Mimi nilifundisha Iringa miaka 26, na mingi kati ya hiyo nilikosea kama wewe. Kilichonibadilisha ni bomba moja nje ya bweni, lililokuwa likidondoka tangu sijui lini. Siku moja nilimwambia kiranja alitegeshee ndoo ya lita 20 saa nne usiku. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imejaa. Tukapiga hesabu ubaoni: saa 7 lita 20, usiku na mchana karibu lita 69, mwezi zaidi ya lita 2,000, yaani uniti mbili kwenye bili. Na mabomba ya namna hiyo yalikuwa manne. Siku hiyo hakusinzia mtu. Wakaenda wenyewe kwa mhasibu, na washa za mabomba zikanunuliwa kabla ya wiki kwisha, jambo ambalo barua zangu tatu zilikuwa zimeshindwa.

Ugali unaobaki bwaloni nao upimwe kwa mizani, siku tano mfululizo. Usihubiri. Bandikeni karatasi ya vipimo mlangoni, basi.

Hapo ndipo uwatoe nje ya geti. Mito kama Chimala na Kimani inashuka milimani hadi bonde la Usangu, inanywesha mpunga wa Mbarali (ule wali wao wa Jumapili), maji yanayosalia yanapita ardhioevu ya Ihefu na kuendelea na mto Ruaha Mkuu hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu yakazungushe mitambo ya umeme, kisha Rufiji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye madimbwi. Wagawe: hawa wakulima, hawa wafugaji, hawa wa hifadhi, hawa wa umeme. Waache wabishane, nawe usiwahi kuamua.

Ila jiandae. Mwaka fulani nilikuwa nafundisha ile kanuni ya mita 60, ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, karibu na mto au chanzo cha maji. Binti mmoja wa upande wa Njombe akasimama. "Mwalimu, mita 60 ndiyo shamba lote la mama. Vinyungu ndivyo vilivyonilipia ada." (Vinyungu ni vile vishamba vya mabondeni penye unyevu, vinavyolimwa kiangazi.) Wewe uko huko huko, unajua mahindi mabichi ya Oktoba yanatoka wapi mvua ikiwa bado. Darasa likanyamaza. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la mtihani, halikuwa lake.

Nikampa kazi ya likizo: akapime kwa hatua zake, achore ramani. Alirudi na karatasi mbili za daftari. Kinyungu cha mama yake kilikuwa hatua 41 kutoka kwenye chemchemi. Hatua 15 tu kutoka kwenye chemchemi hiyo hiyo kulikuwa na milingoti (mikaratusi) ya jirani mwenye uwezo, safu nne, na kwenye ramani ameiandikia, akiwasema wasimamizi wa sheria: "Hii hawajaigusa." Nikampa alama zote, pamoja na zile za mwandiko, ambazo kusema kweli hakuzistahili.